Vishimo vya Ukoo Wetu

Jumatatu, 9 Juni

Nimetukanwa! Si mimi hasa, ni mjukuu wangu, lakini ukimtukana Kauthar umenitukana mimi, na marehemu mama yake, na mama yangu huko aliko.

Bi Maryam alikuja leo kupanga mambo ya harusi. Huyu ni bibi yake Abdulmajidi, kijana anayemuoa Kauthar Jumamosi ya wiki ijayo. Anauza vitenge, na mdomo wake ni mkali kuliko mkasi wake. Kanywa chai yangu, kala maandazi yangu, kafuta vidole. Halafu akamtazama mjukuu wangu usoni na kuuliza kama huwa analala. Ati chini ya macho ana vishimo. Ati picha za harusi zitatoka kama za mgonjwa.

Nikamwambia vishimo hivyo ni vya ukoo. Mama yangu alikuwa navyo, mimi ninavyo, mama yake Kauthar alizikwa navyo. Hakuna mwanamke wa ukoo huu aliyekosa mume kwa ajili ya vishimo. Akasema hajasema mume, kasema picha. Nikampa andazi jingine ili azibe mdomo. Akala. Akaendelea kusema!

Kauthar alicheka mbele ya mgeni. Mgeni alipoondoka nikamkuta kwenye kioo, anavuta ngozi ya chini ya jicho kwa kidole. Nikamuuliza kuna nini. Akasema ameshaamua. Yuko fundi wa urembo, anaitwa Madam Evodia, mgeni hapa Singida, amekodi kiti katika saluni ya hapa hapa Mandewa. Anachoma fila. Ni kitu kama ute wa yai, kinaingizwa kwa sindano chini ya jicho, kishimo kinajaa. Kauthar keshachukua nafasi. Jumanne ya wiki ijayo, asubuhi.

Sindano! Chini ya jicho! Pale pale wanaposukia rasta!

Mtoto huyu nimemlea tangu mama yake alipofariki, hata meno hajaota. Nimemvusha surua. Nimemvusha degedege, nimembeba mgongoni hadi hospitali na mvua juu yetu. Sikumvusha yote hayo aje kutobolewa jicho kwa sababu ya picha. Nikasema hapana. Akasema, Bibi, mimi ni mtu mzima. Nikasema hata ukiota mvi. Akaingia chumbani, akafunga mlango taratibu. Angeubamiza ningejua la kufanya.

Haya. Maneno hayasikii. Nitatumia akili.

Jumatano, 11 Juni

Mbinu ya kwanza: kutafuta kitu cha kumtisha. Mimi sikusoma. Herufi hizi nilizipata kwenye kisomo cha watu wazima, nikiwa na mtoto mgongoni na mwingine tumboni. Kwa hiyo nimekwenda kwa aliyesoma.

Dokta Noel anatibu ngozi, ana chumba chake kule mjini. Kijana mpole, aliniamkia shikamoo akiwa amesimama. Nikamdanganya kwamba ninataka fila mimi mwenyewe. Hakucheka. Nilimpenda hapo hapo.

Akaniuliza kama najua kilichomo ndani ya uso wangu. Nikasema meno machache na ulimi. Akachukua kalamu yake ya wino wa zambarau, ile ya kuchorea wagonjwa, akaomba ruhusa, akanichora!

Ati mshipa mkubwa wa damu, yeye anauita ateri, unatoka shingoni, unapanda juu ya mfupa wa taya, mbele kidogo ya ule msuli wa kutafunia. Akanishika kidole, akakiweka pale. Unadunda! Miaka yote hii natafuna na sijui kuna mtu anagonga mlango. Halafu unapita pembeni ya mdomo, unapanda kando ya pua ukipinda pinda kama njia ya mbuzi, hadi kona ya ndani ya jicho. Pale unakutana na mishipa mingine inayotoka ndani kabisa ya fuvu, ile inayolisha jicho lenyewe. Na mwingine tena unatokeza kwenye kitundu cha mfupa, hapa chini ya jicho. Yaani chini ya jicho ni kama stendi: kila gari linapita, na wewe huyaoni kwa sababu yamefunikwa na ngozi.

Sasa sindano ikiingia ndani ya mshipa badala ya pembeni, na fundi akasukuma kwa nguvu, ule ute unarudi nyuma na damu yake, unafika kwenye mshipa wa jicho, unaziba. Jicho likikosa damu haliwezi kungoja. Ni dakika tu. Giza. Na mara nyingi halirudi. Ngozi nayo inaweza kufa: inaanza kuwa nyeupe, halafu inakuja na madoa kama wavu.

Nilijishika macho yote mawili. Na nilifurahi! Hicho ndicho nilichokuja kutafuta.

Nikamuuliza, na wewe unachoma? Akasema ndiyo, ila si kila anayeomba. Yeye mara nyingi anatumia sindano ndefu butu, inayousukuma mshipa kando badala ya kuutoboa. Anaweka kidogo, polepole, chini karibu na mfupa, huku anamuuliza mgonjwa kama anaona. Na kabla hajaanza, dawa ya kuyeyusha fila iko mezani, si dukani. Hata hivyo, akasema, hatari haiishi, inapungua tu. Na hawezi kumchoma mtu mwenye harusi wiki ijayo, maana kuna kuvimba na kuvilia damu. Wiki iliyopita kaletewa mama mmoja aliyechomwa mtaani, shavu limeshaanza madoa. Akaliwahi. Huyo mama, kasema, ana bahati yake peke yake.

Mwisho akanitazama na mimi. Akasema ya kwangu si vishimo tu, ni mifuko, na fila ingeifanya magunia.

Sikwenda kwa ajili hiyo. Lakini niliumia kidogo.

Alitaka kunifuta. Nikakataa! Nataka Kauthar aione ramani. Nikatoka nayo usoni. Kwenye bodaboda dereva aliniangalia kwenye kioo njia nzima. Sokoni muuza vitunguu akaniuliza kama kuna msiba. Na nani nikakutana naye, kama si Bi Maryam? Akaniuliza nimepatwa na nini. Nikasema nimekutwa na ateri. Akasogea nyuma, akafunika mdomo kwa ushungi.

Nikafika nyumbani, Kauthar hayupo, adhuhuri imeadhiniwa. Nikatawadha. Mungu kwanza, mishipa baadaye. Ateri ya kulia ikahamia shingoni. Ya kushoto ikawa sharubu.

Kauthar aliporudi nikamweleza yote kama nilivyoelezwa, nikimwonyesha kwenye sharubu. Alisikiliza vizuri sana. Akajishika taya, akasema, kweli unadunda! Akaita jirani aje naye ajishike. Wakacheka. Halafu akasema vizuri kujua, kumbe ukiwa na fundi mwangalifu hakuna neno. Atamwambia Madam Evodia awe mwangalifu.

Nimesugua uso kwa magadi. Wino hautoki.

Jumamosi, 14 Juni

Mbinu ya pili: kumfedhehesha fundi mbele ya wateja wake. Nimekwenda saluni na maswali ya Dokta Noel kichwani. Nilivaa kanga mpya na viatu vya Idi. Adui haendewi na kandambili.

Saluni imejaa. Madam Evodia ni mwanamke mzuri, kucha kama vijiko, sauti ya asali. Akaniamkia shikamoo bibi kabla sijakaa. Hilo lilinivuruga. Nikaanza kwa sauti kubwa. Nikamuuliza fila yake ni ya aina gani, inayeyuka au haiyeyuki. Nikamuuliza anatumia sindano kali au butu. Nikamuuliza mshipa unaotoka kwenye kitundu cha mfupa chini ya jicho anaukwepaje. Nikamuuliza mteja akisema haoni, yeye atafanya nini.

Wasusi wakaacha kusuka. Hata mashine ya kukaushia nywele ilizimwa. Nikajua nimemmaliza.

Madam Evodia akatabasamu. Akasema fila yake ni ya nje, nzuri, haiyeyuki ovyo. Sindano yake ni kali maana butu inauma. Mishipa haina shida, anaisikia kwa kidole. Na mteja akiona giza anapumzishwa, anawekewa taulo la baridi, anapewa soda.

Soda! Kila jibu lilikuwa bovu kuliko lililotangulia! Lakini alijibu haraka na kwa adabu, na wale wanawake hawakusikia ubovu, walisikia adabu. Mmoja mwenye rasta nusu kichwa akamnong'oneza mwenzake kwamba mimi ni nesi mstaafu, bila shaka nimetumwa kukagua. Mwingine akaniomba nimshike taya, mshipa wake uko wapi. Nikamshika. Unadunda vizuri. Akaja mwenzake. Nikamshika na yeye. Sitaki kusema uongo hapa, ilikuwa tamu. Mtu mzima anakunyooshea uso, anafumba macho, anangoja useme. Nikawaambia mmoja mmoja njia ya mshipa, nikafika hadi kona ya jicho. Nikapewa kigoda. Nikapewa soda.

Nilipoinuka, Madam Evodia akawaambia wote, mmeona wenyewe, nimekaguliwa na nimefaulu. Wakaanza kuandikisha nafasi!

Nilirudi nyumbani nikiwa nimemletea mwizi wateja. Habari ilishafika. Kauthar akanikumbatia mlangoni. Akasema, asante Bibi, nilikuwa na wasiwasi kidogo, lakini kama umekwenda mwenyewe ukahakikisha, sasa nina amani.

Nimekaa jikoni hadi ugali ukaungua.

Jumapili, 15 Juni

Nimepata! Nimepata! Nimepata!

Kauthar hawezi kutishwa kwa maneno wala ramani. Lazima aone kwa macho. Na nani anampenda kuliko bibi yake? Basi: nitasema na mimi nimechomwa fila. Halafu nitakuwa nimeharibika! Uso umevimba, jicho limeziba, natia huruma. Ataacha mwenyewe.

Kuvimba kutatoka wapi? Hii ni Singida. Tuna nyuki.

Nimempigia Elisha. Elisha ni Mnyiramba, mzee mwenzangu, anafuga nyuki kule Ihanja na kuniletea asali niuze. Nimemwambia alete nyuki wachache walio hai. Akauliza wa nini. Nikasema wa chini ya macho. Akaniomba nirudie, nikarudia. Kisha akasema, Bi Ziada, tangu marehemu mzee wako afariki huna mtu wa kukukataza. Nikamwambia hata alipokuwepo hakunikataza. Akasema hilo ni kweli.

Akaja jioni na kikopo. Nikafungua. Nyuki wadogo! Wale wasio na mwiba! Ananichukulia mimi nimezaliwa wapi? Nikamfukuza na kikopo chake. Akaenda akicheka, huku ameinua mikono. Kesho alete wenye adabu yao.

Jumatatu, 16 Juni

Imefanyika. Naandika haraka.

Elisha alikuja saa za mchana, Kauthar yuko kwa fundi cherehani. Alileta nyuki wakubwa kwenye kiberiti. Akanisihi mara ya mwisho. Akasema aliwahi kuona mtu akifa kwa nyuki mmoja. Nikamkumbusha kwamba mimi nimeumwa na nyuki wake tangu tujuane na kilichowahi kufa ni nyuki. Akamshika wa kwanza kwa mabawa, akafumba macho yeye, si mimi, akambandika kwenye shavu, chini ya jicho la kushoto. Yarabi! Halafu la kulia. Yarabi Mola! Niliita majina ya watu wote wanaonidai radhi.

Elisha akaondoka akifuta machozi, yake. Mimi nikajilaza na kungoja kuwa wa kutisha.

Alasiri nikajitazama. Nikajitazama tena. Nikapeleka kioo dirishani.

Nimependeza!

Haki ya Mungu. Pale penye vishimo pamejaa. Mifuko imenyooka. Ngozi inang'aa, ina wekundu kidogo kama wa mwari. Nimemwona yule Ziada aliyecheza ngoma uwanjani mpaka mzee akauza ng'ombe kuja kuniposa. Nilisahau kabisa nilichokusudia. Nikapaka wanja.

Hapo hapo hodi. Bi Maryam, kaleta sampuli ya vitenge vya sare. Akaniona. Kitenge kikamdondoka. Akanizunguka kama anayenunua mbuzi. Akaniuliza nimefanya nini. Na mimi, Mungu anisamehe, kwa kuwa ni yeye, kwa kuwa ni Bi Maryam na andazi langu, nikasema kwa madaha: fila.

Kauthar alikuwa mlangoni. Sikumsikia akiingia.

Nikajaribu kugeuza. Nikashika shavu, nikasema inauma sana, nadhani imeniharibu, sioni vizuri, wavu, madoa! Kauthar akaniangalia kwa macho yaliyojaa machozi ya furaha. Akasema, Bibi, umekwenda kunijaribia. Umetangulia wewe ili uone kama ni salama kwangu.

Ndivyo kweli ningefanya! Ndiyo maana nikampa mikono!

Akanibusu mikono yote miwili. Akasema kesho asubuhi na mapema.

Nitamwambia ukweli alfajiri, nikishaswali. Akili yangu imechoka, na uso unazidi kuwa mzito.

Alhamisi, 19 Juni

Jumanne na jana sikuandika. Sikuwa na macho.

Ilikuwa hivi. Jumanne niliamka gizani. Nikadhani bado usiku. Lakini nasikia jogoo, nasikia redio ya jirani, nasikia magari. Nikajipapasa. Uso wangu ulikuwa mto wa kulalia! Macho yamefungwa yote mawili, kope zimezama kabisa. Nikaita Kauthar. Kimya. Nikapapasa kitanda chake. Baridi. Ameshakwenda.

Sijawahi kuogopa vile. Nilivusha surua na degedege, lakini siku zile niliona ninapokwenda. Nikasimama uani, kanga juu ya kichwa, nikapiga kelele kwa jina la mtoto wangu.

Aliyeitika ni Bi Maryam! Alikuwa getini. Alikuja mapema kwa siri kuniuliza fundi yuko saluni gani, naye ajazwe kabla ya picha! Sikumwacha aone uso. Nikafunika kanga, nikamshika mkono, nikasema nipeleke saluni sasa hivi, nitakuelekeza njia. Akafurahi. Akanishika vizuri, tukaenda.

Njiani nikamwambia ukweli wote. Si fila, ni nyuki. Nyuki wa Elisha, kwenye kiberiti. Akacheka kwa dharau. Akasema nimezoea kumficha vitu vizuri, hata unga wa maandazi nilimdanganya kipimo. Nikaapa. Akasema, Ziada, punguza wivu, sote tuna haki ya kupendeza. Nikamwambia, tembea! Akaniambia hapa kuna mtaro. Hakuniambia mapema.

Tukaingia. Nikasikia sauti ya asali ikisema, fumba macho mrembo, usitikisike.

Nikatupa kanga.

Sikuona kilichotokea, nasimulia nilivyosikia. Kwanza Bi Maryam, aliyekuwa karibu, akapiga yowe la msiba mkubwa. Halafu viti. Halafu sauti ya Kauthar, sijawahi kumsikia vile hata alipokuwa mchanga: Bibi! Bibi macho yako! Akanirukia, mafuta ya usoni yakanipaka shingo. Akalia amepofuka, Bibi yangu amepofuka, amepofuka kwa ajili yangu.

Nikasema ni nyuki! Sijachomwa fila, ni nyuki!

Yule mwenye rasta akasema maskini, imepanda hadi kwenye ubongo.

Madam Evodia naye akawa anapiga kelele kwamba yeye hajawahi kumchoma bibi huyu, hata kumgusa hajamgusa. Nikasema anasema kweli! Msikilizeni, ni mwongo lakini hapa anasema kweli! Wakasema ona anavyomtetea, keshachanganyikiwa. Tulikuwa wawili tu wenye ukweli mle ndani, na hakuna aliyetutaka. Wanawake wakadai nafasi zao zifutwe. Mlango wa nyuma ukafunguliwa, kucha zikakwaruza, na Madam Evodia na mkoba wake hawajaonekana Mandewa tena.

Kauthar hakuchomwa. Sindano ilikuwa imeshafika shavuni, haijaingia. Alhamdulillahi. Alhamdulillahi. Nimeandika mara mbili na hata mara elfu ni chache.

Akanikimbiza kwa Dokta Noel. Daktari akanibinua kope, akanimulika kwa tochi, akachomoa mwiba wa nyuki shavuni na kuuinua juu ya taa. Akauliza ni nini hiki. Basi. Nikasema yote mbele ya Kauthar, tangu kikopo cha nyuki wadogo. Dokta Noel alinigombeza kwa heshima kubwa, shikamoo zote zikiwa ndani yake. Kasema ningeweza kukosa pumzi nikafa sakafuni peke yangu. Akanidunga sindano ya kupunguza uvimbe. Mkononi.

Kauthar akanirudisha nyumbani. Alinilisha uji kwa kijiko. Alinikasirikia sana, najua, maana uji ulikuwa wa moto. Kisha akaniuliza kwa nini sikumwambia tu kwamba naogopa. Nikasema nilimwambia hapana. Akasema hapana si sawa na naogopa. Nikamwambia, mama yako nilimshika mkono mpaka ukapoa. Sura yake nimebaki nayo kwako tu, na ipo hapo hapo kwenye vishimo. Ukivijaza nitamwona wapi?

Kijiko kikasimama. Halafu akaniegemea, tukalia, mimi kwa shida, maana machozi hayakuwa na njia ya kutokea.

Baadaye akaniapisha. Nimeweka mkono juu ya kichwa chake: sitafanya tena hila ya nyuki.

Jumamosi, 21 Juni

Harusi! Mtoto ametoka kama mwezi! Macho yake na vishimo vyake vyote viwili, kapaka wanja tu. Abdulmajidi alipofunuliwa uso wa mke wake alisahau dua aliyoambiwa asome, akasema jamani. Mashekhe wakacheka.

Mimi nimepigwa picha zote nikiwa na jicho moja. La kushoto limekataa kufunguka. Mpiga picha aliniambia nigeuke upande, nikageuka, akanipiga nikimkonyeza Elisha. Sikumkonyeza! Lakini Elisha ameomba nakala.

Bi Maryam alikaa karibu nami. Akanishika taya mbele ya watu wote, kutafuta mshipa. Nikamwonyesha wa kwake. Akasikiliza muda mrefu kwa kidole. Akasema hakujua kama ana kitu kinachofanya kazi hivyo bila kulipwa. Nikamcheka mpaka jicho likauma. Kisha akasema mapaja ya kuku wangu hayakuiva. Mchawi.

Jumatatu, 23 Juni

Elisha kaleta habari. Madam Evodia ameonekana Sekenke. Kapanga chumba huko kwenye machimbo ya dhahabu, na wake za wachimbaji wanaandikisha nafasi.

Sikulala vizuri. Wale nao kuna aliyewabeba mgongoni kwenye mvua.

Nimekwenda kwa Dokta Noel mwenyewe, kwa adabu, bila mbinu. Amefurahi. Amesema tayari anataarifu wanaohusika, na Alhamisi atakwenda huko kuzungumza na akina mama. Akaniomba niende naye nikasimulie. Ila ukweli tu, Bibi, akasema. Waeleze ulivyoogopa, waeleze kuhusu nyuki. Nikampa mkono. Nikamwahidi. Kauthar naye amenipigia simu toka kwa mumewe, nimemwahidi na yeye.

Sasa nimekaa nafikiri. Nyuki! Nani Sekenke ataogopa nyuki? Watu wanaoshuka mashimoni kwa kamba? Watacheka, watapiga makofi, halafu wataenda kuchomwa. Mandewa yote ilisikia ukweli wangu na kuutupa nje. Walichokimbia ni bibi kipofu.

Na mimi niliapa kuhusu nyuki. Kuhusu miwani myeusi sikuapa.

Nimenunua miwani, mikubwa, inafunika hadi mashavu. Elisha kanichongea fimbo, hakuuliza ya nini, amejifunza huyo. Tangu mchana nafanya mazoezi ya kupapasa: uani, jikoni, sebuleni. Nikifumba macho kweli ndipo inapendeza.

Nimegonga fremu ya mlango. Paji la uso limevimba kama yai.

Vizuri sana. Nitawaambia fila ilipanda.